Kusafisha Simu na Laptopu Zilizojaa Vumbi na Nyuzi: Mwongozo Kamili

Simu ikianza kukataa chaji, lawama ya kwanza huangukia waya. Mtu ananunua mwingine, anaazima adapta, anaukunja waya upande mmoja mpaka alama ya chaji iwake, na mwisho anaipeleka simu kwa fundi akisema mfumo wa chaji umekufa. Mara nyingi haujafa. Tundu limejaa nyuzi za mfukoni, na kila waya ulipochomekwa nyuzi hizo zilishindiliwa chini zaidi hadi zikawa kizibo. Laptopu nayo ikiunguruma na kuchemka wakati hakuna kazi nzito inayoendelea, aghalabu prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi zote za mashine, ni nzima. Tatizo ni kwamba hewa haina pa kupita.

Kinachoharibu vifaa wakati wa kusafisha ndicho kilekile kilicholeta tatizo: kusukuma ndani. Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinafuata mwelekeo mmoja. Uchafu unavutwa kuja nje, ukiwa mkavu kwanza. Maji au alkoholi hufuata baadaye, na pale tu panapohitajika.

Vifaa vya kazi

Kwa simu unahitaji vijiti vya meno vya mbao au plastiki, mswaki mpya wenye nywele laini (wa mtoto unafaa zaidi), kitambaa laini cha kufutia miwani, na tochi. Kwa laptopu ongeza brashi ndogo ya rangi yenye nywele laini, bisibisi ndogo, na kipulizio cha mpira cha kubana kwa mkono, kile ambacho wapiga picha hutumia kusafishia lenzi. Mkebe wa hewa iliyogandamizwa unaweza kushika nafasi ya kipulizio, ila una masharti yake nitakayoyaeleza kwenye kibodi.

Alkoholi ya isopropili ni nzuri kuwa nayo. Ya asilimia 70 inatosha kwa kufuta nje. Kwa sehemu zinazopitisha umeme tafuta ya asilimia 90 au zaidi, kwa sababu kinachobaki kwenye ile ya 70 ni maji, na maji huchelewa kukauka.

Weka mbali sindano, pini na klipu za karatasi. Chuma kinaweza kuunganisha pini mbili zisizotakiwa kugusana, na hata simu ikiwa imezimwa, betri bado ina umeme. Pia chuma hukwangua tabaka jembamba la dhahabu linalozilinda pini zisishike kutu. Weka mbali mashine ya kufyonza vumbi, maana mwendo wa hewa kwenye mdomo wake huzalisha umeme tuli unaoweza kuunguza vipande vya bodi. Mashine ya kukaushia nywele nayo haifai. Joto lake hulegeza gundi. Na usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu na matone ya mate, na yote hayo yanaishia kwenye pini.

Kabla ya kugusa chochote

Zima kifaa kabisa, si kukilaza tu. Chomoa chaja, toa kava, na iache trei ya laini mahali pake ili vumbi lisiingilie hapo. Kisha kiangalie kifaa kwa ubavu kwenye mwanga. Kama kioo cha simu kimeinuka, mgongo umeachia, au tachipedi ya laptopu imekuwa ngumu kubonyeza na imetuna, huenda betri imevimba. Hapo kazi ya kusafisha inaishia: usibonyeze, usichokonoe, usichaji, mpelekee fundi.

Tundu la chaji la simu

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo twende taratibu.

Dalili ni hizi. Waya hauingii mpaka mwisho, na unabaki mwanya kati ya kichwa cha waya na ukingo wa simu. Ule mlio mdogo wa kujifunga hausikiki. Simu inachaji ukiishika hivi na inaacha ukiiweka mezani. Chaji ya haraka imegeuka ya polepole. Ukimulika ndani kwa tochi, sakafu ya tundu inaonekana ya kijivu na yenye manyoya badala ya kung'aa. Nyuzi zilizoshindiliwa sana hudanganya, kwani zinakuwa bapa na laini hadi mtu adhani ndiyo sakafu yenyewe. Kwa hiyo usiamini macho peke yake. Kina cha waya kinapoingia ndicho shahidi mzuri.

Jua umbo la tundu lako kabla ya kuingiza kitu. USB-C ina kijilimi chembamba katikati, chenye pini 12 juu na 12 chini. Unene wake haufiki milimita 1, na nafasi iliyopo kati yake na ukuta pia haifiki milimita 1. Kijiti cha meno kama kilivyotoka kwenye pakiti ni kinene mno. Ukikilazimisha utakipinda kijilimi, na kijilimi kikivunjika tundu zima linabadilishwa. Lightning ya iPhone za zamani haina kijilimi, na pini zake 8 zimejipanga ndani ya tundu, hivyo ni rahisi zaidi kusafisha, mradi usikwaruze kuta kwa nguvu. USB ndogo (micro-USB) ya simu za zamani ina kijilimi kilichoegemea upande mmoja, nacho ni dhaifu kuliko vyote.

1. Chonga ncha ya kijiti kwa wembe mpaka iwe bapa na nyembamba, ikiingia kwenye nafasi hiyo bila kusukumwa. Andaa viwili vitatu, kwa sababu ncha hulegea haraka. Ikianza kuchanika, itupe, isije ikaacha kibanzi ndani.

2. Shika simu tundu likitazama chini wakati wote. Kinachong'oka kianguke chenyewe.

3. Ingiza ncha kwenye pembe ya tundu, mwishoni pale ambapo kijilimi hakifiki, ukifuata ukuta wa nje. Iteremshe polepole mpaka iguse chini. Kama inagusa kitu kinachobonyea, umefika kwenye nyuzi.

4. Sogeza ncha kando kidogo ukiwa chini, kisha ivute nje. Kitendo ni cha kukwangua na kuvuta, kamwe si cha kuchoma. Nyuzi hutoka kwa mafungu, na mara nyingine kizibo chote hutoka kwa mkupuo mmoja.

5. Rudia kwenye pembe ya pili, halafu juu na chini ya kijilimi kwa mkono mwepesi. Usikiegemeze kijiti kwenye kijilimi ili kupata nguvu. Nguvu yote ielekee ukuta wa nje.

6. Piga mswaki mkavu kutoka ndani kuja nje, mipigo mifupi. Malizia kwa kubana kipulizio cha mpira mara chache kutoka pembeni.

7. Mulika tena. Chomeka waya: uingie mpaka mwisho, ujifunge, na usichomoke ukiinua simu kwa kuushika waya karibu na kichwa chake.

Watu wengi wanaishia hapo na kusahau nusu ya pili ya kazi, yaani waya wenyewe. Kichwa cha USB-C kina uwazi katikati, na nyuzi hukaa humo pia. Ukisafisha tundu ukaacha waya mchafu, unarudisha uchafu ulioutoa. Tumia kijiti kilekile kwa mtindo uleule. Kama waya ni wa Lightning, futa vidole vyake vya dhahabu kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo. Kimoja kikiwa kimeshika weusi usiotoka, waya huo umeshaungua na unafaa kustaafishwa.

Ukikuta uchafu unaonata, wa soda au jasho lililochanganyika na vumbi, chovya nywele za mswaki kwenye isopropili ya asilimia 90, zikung'ute mpaka zisidondoshe, kisha piga mswaki. Acha simu tundu likitazama chini kwa nusu saa au zaidi kabla ya kuiwasha. Onyo la unyevu linalojirudia kwenye skrini ilhali simu haijalowa linaweza pia kutoka humu: nyuzi zilizolowa hukaa na maji muda mrefu, na kuzitoa mara nyingi humaliza onyo hilo.

Ukiona rangi ya kijani kwenye pini, hiyo ni kutu ya shaba. Usiikwangue.

Spika, maiki na tundu la hedifoni

Sauti ya simu ikipungua polepole kwa miezi, shuku wavu wa spika kabla ya kushuku spika. Ile ya sikioni huziba kwa mafuta ya ngozi na vipodozi yaliyoshikana na vumbi, na mtu anayelalamika kwamba hasikii watu vizuri wakimpigia huenda anahitaji mswaki tu. Angalia pia kama kioo cha ulinzi kilichobandikwa juu hakijaufunika wavu huo.

Shika simu uso ukitazama chini, upige mswaki mkavu kwa ulalo juu ya wavu. Usisimamishe nywele na kudunga. Kisha chukua utepe wa karatasi, ule ambao mafundi rangi hubandika ukutani, ubandike juu ya wavu, ubonyeze kidogo kwa kidole na uubandue. Rudia kwa kipande kipya hadi utepe utoke msafi. Watu wengine hutumia gundi laini ya kukandwa. Mimi siipendi, kwa sababu ikipata joto huacha mabaki ndani ya matundu.

Usielekeze hewa ya mkebe kwenye spika wala maiki. Nyuma ya wavu kuna utando mwembamba, nao unaweza kupasuka. Maiki ni kile kitundu kidogo kilicho chini, karibu na tundu la chaji, na kinafanana sana na kitundu cha kutolea trei ya laini. Kila mara unapotaka kutoa laini, hakikisha pini inaingia kwenye kitundu kilicho juu ya trei yenyewe. Maiki hupigwa mswaki kwa juu tu. Hakuna kitu kinachoingizwa humo.

Simu inayoonyesha alama ya hedifoni wakati hakuna hedifoni mara nyingi ina nyuzi au unyevu ndani ya tundu hilo. Kijibrashi cha kusafishia katikati ya meno, kisicho na waya uliochomoza mbele, kinaingia vizuri: kiingize taratibu, kizungushe, kitoe.

Kioo na kava

Fanya haya kwa mpangilio. Kwanza pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu bila kukandamiza, kwa sababu chembe za mchanga ni ngumu kiasi cha kuchora kioo zikisuguliwa. Baada ya hapo ndipo ufute kwa kitambaa kilichoguswa maji. Maji yasiyo na madini ni bora, hayaachi madoa. Apple huruhusu isopropili ya asilimia 70 kwa kufuta nje ya vifaa vyake, na hukataza dawa za klorini na hidrojeni peroksaidi. Alkoholi iende kwenye kitambaa, isinyunyizwe kwenye simu. Wala isiwe kila siku, maana kioo kina tabaka jembamba la kukataa mafuta ya vidole, na tabaka hilo huisha kwa kusuguliwa.

Simu yenye alama ya IP67 au IP68, yaani vipimo vya kuhimili vumbi na maji, haijapewa ruhusa ya kuoshwa bombani kwa sabuni. Kipimo cha IP67 ni kina cha mita 1 kwa dakika 30 kwenye maji matamu, simu ikiwa mpya. Gundi na mipira inayozuia maji huzeeka, na simu iliyowahi kuanguka au kufunguliwa huenda haina tena kinga hiyo. Kinachooshwa ni kava: maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mchanga uliokwama kati ya kava na simu ndio unaotafuna kingo na lenzi za kamera.

Kibodi ya laptopu

Izime na uchomoe chaja. Baadhi ya laptopu huwaka ukifungua mfuniko au ukibonyeza kitufe, kwa hiyo angalia kwamba imebaki imezimwa. Iinue na uielekeze chini, uitikise kidogo, kisha pitisha brashi kati ya mistari ya vitufe.

Kwa MacBook zenye vitufe vifupi sana, maelekezo ya Apple ni kuishika laptopu kwa pembe ya digrii 75, yaani karibu wima, na kupitisha hewa kutoka kushoto kwenda kulia kwa mistari ya kupindapinda, kisha kuigeuza ubavu na kurudia. Njia hiyo inafaa kwa laptopu nyingine pia.

Sasa yale masharti ya mkebe wa hewa. Ndani yake kuna kimiminika, si hewa tupu. Ukiuinamisha au kuutikisa, kinatoka kikiwa baridi kali na kulowesha unachosafisha. Ushike wima, puliza mpulizo mfupi mfupi, na usiutumie karibu na moto, kwa kuwa gesi ya mikebe mingi hushika moto.

Kung'oa vitufe vya laptopu sishauri. Vimeshikwa na vibanio vidogo vya plastiki vinavyovunjika kirahisi kuliko vya kibodi ya mezani. Kitufe kinachonata, tia isopropili kidogo kwa kijiti chenye pamba pembezoni mwake, kibonyeze mara nyingi, acha kikauke.

Skrini ya laptopu haihitaji maneno mengi. Nyingi zina uso wa plastiki wenye tabaka la kupunguza mng'ao, na dawa za madirisha zenye amonia hulibandua. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Usikandamize, na usiache tone literemke hadi ukingo wa chini, ambako huingia ndani.

Feni na njia ya hewa

Feni huvuta hewa kutoka chini ya laptopu na kuisukuma nje kupitia mapezi membamba ya shaba au alumini yaliyopangwa kwa karibu sana. Nyuzi na vumbi hunasa kwenye uso wa ndani wa mapezi hayo, kati yake na feni, na kujijenga polepole kama zulia. Ndiyo sababu ukichungulia kwa nje unaona pasafi. Laptopu inayotumika kitandani au kwenye zulia hufikia hali hiyo mapema, kwa kuwa hewa inayoivuta imejaa nyuzi.

Dalili: feni haitulii hata ukiwa unasoma tu, upepo unaotoka ni dhaifu lakini wa moto, na mashine huanza vizuri kisha inapungua kasi baada ya dakika chache. Kupungua huko ni prosesa kujilinda. Nyingi hujibana zikikaribia nyuzi joto 95 hadi 100 za Selsiasi, na joto likizidi mashine hujizima. Programu ya kupima joto itakuonyesha. Ikisoma zaidi ya 90 kwa kazi nyepesi, pana kizuizi.

Hakikisha kwanza laptopu yako ina feni. MacBook Air zilizotoka tangu mwishoni mwa 2020, zile zenye chipu ya M1 na zilizofuata, hazina.

Kupulizia kwenye matundu bila kufungua kunasaidia vumbi jepesi tu. Zulia lenyewe halina pa kutokea. Linavunjika na kurudi kwenye feni. Kama laptopu ina miaka miwili au zaidi bila kusafishwa, ifungue, au mpe anayejua kufungua.

1. Soma mwongozo wa matengenezo wa modeli yako. Dell, HP na Lenovo huiweka wazi kwenye tovuti zao kwa laptopu nyingi. Angalia na masharti ya dhamana.

2. Izime, chomoa chaja, ilaze kifudifudi juu ya kitambaa safi. Nyingi hufunguka kwa bisibisi ya nyota PH0 au Torx T5. MacBook hutumia ya ncha tano, P5. Skrubu nyingine hufichwa chini ya miguu ya mpira.

3. Chora umbo la mfuniko kwenye karatasi na ubandike kila skrubu mahali ilipotoka. Urefu wake hutofautiana, na skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi.

4. Achia mfuniko kwa kadi ya plastiki ukizunguka ukingoni. Ukigoma mahali, kuna skrubu uliyoisahau. Tafuta kwanza.

5. Gusa chuma kilichopo karibu ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha chomoa kiunganishi cha betri kwa kushika plastiki yake, si nyaya.

6. Zuia feni isizunguke, kwa kidole au kijiti. Feni inayozungushwa na upepo wa mkebe hupita kasi yake ya kawaida, huumiza beringi, na hugeuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye bodi.

7. Toa zulia la vumbi kwa kibano cha plastiki. Kama feni inafunguka kwa skrubu chache, iondoe kabisa. Hapo unaweza kupuliza mapezi kutoka upande wa kutokea hewa, na uchafu ukaangukia mahali unapouona. Piga brashi kufuata mwelekeo wa mapezi. Ukikata kwa ulalo yatapinda.

8. Safisha mapanga ya feni moja moja kwa brashi. Yenye mafuta, kwa kijiti chenye pamba na isopropili.

9. Skrubu zinazoshikilia mabomba ya shaba juu ya prosesa usizifungue, isipokuwa una pasta mpya ya kupitishia joto na unajua kuipaka. Ukizilegeza, ile ya zamani haitashika tena sawasawa.

10. Rudisha feni, unganisha betri, funga mfuniko, washa. Sikiliza feni na upime joto tena kwa kazi ileile uliyopimia mwanzo.

Matundu ya USB-C ya laptopu yanasafishwa kama ya simu.

Kila baada ya muda gani, na lini umwachie fundi

Tundu la simu limulike mara moja kwa mwezi, lakini lisafishe tu ukiona kitu. Kuchokonoa tundu safi kunachakaza pini bure. Feni ya laptopu isafishwe mara moja kwa mwaka; penye vumbi jingi au mnyama mwenye manyoya, kila miezi sita.

Mpelekee fundi betri iliyovimba, pini za kijani, kijilimi kilichopinda, tundu linalocheza hata baada ya kusafishwa, kifaa kilichomwagikiwa kitu cha sukari, na feni inayokwaruza ikizunguka, kwani hiyo ni beringi iliyokwisha na brashi haiirudishi. Ukifika kwake, mwambie umeshasafisha tundu na kwamba waya uleule unachaji simu nyingine vizuri. Taarifa hizo mbili zinamwondolea kubahatisha, na hutalipia usafi ambao umeshaufanya mwenyewe.